Ini la Mdogo Wangu

Kijijini kwetu, nje kidogo ya Ushirombo, karanga hazimenywi zikiwa kavu. Ganda la karanga iliyokaushwa vizuri ni gumu, na mwanamke akimenya gunia zima kwa vidole vyake, kesho yake kidole gumba kimechanika na jembe halishikiki. Kwa hiyo jioni karanga humwagwa juu ya turubai, zikanyunyiziwa maji kwa kiganja kama mtu anayetuliza vumbi kabla ya kufagia, kisha zikafunikwa mpaka asubuhi. Kukicha maganda yamelegea. Yanafunguka kwa kubonyezwa tu, na wanawake wa nyumba jirani huja na vigoda vyao wakakaa kumenya na kupiga soga. Mama alijifunza kunyunyiza kutoka kwa mama mkwe wake. Sikuwahi kumsikia mtu akiuliza kama maji yale yana madhara, na sidhani kama palikuwa na sababu ya kuuliza. Yalikuwa maji safi ya kisima.

Baada ya kumenya kulikuwa na kuchambua. Karanga nono zisizo na doa ziliingia kwenye gunia la kuuza, kwa sababu mnunuzi aliyetoka Kahama alikuwa na tabia ya kutia mkono mpaka chini kabisa ya gunia. Nyingine nzuri ziliwekwa za mbegu. Zilizosinyaa, zilizovunjika, na zile zenye vumbi la kijani karibu na kiini, zilibaki kwetu. Mama alizikaanga zaidi ya kawaida ili harufu ya ukungu iishe, akazitwanga, akazitia kwenye nsansa, yaani majani ya kunde yaliyokaushwa. Hatukuona kwamba tunajinyima. Mkulima wa pamba naye huvaa mtumba.

Nimeanza na mambo haya mawili, maji na uchambuzi, kwa sababu mdogo wangu alikufa kwayo, au kwa sehemu kwayo. Na kwa sababu katika miezi ya ugonjwa wake mama yetu alikuwa katika hatari ya kuuawa kwa jambo jingine kabisa, ambalo hakulifanya.

Mdogo wangu ndiye aliyenifuata kuzaliwa, na hatukuwa na ndugu mwingine aliyekua. Mimi niliondoka nyumbani baada ya darasa la saba nikaenda Kahama, nikapata chumba Nyasubi, nikajifunza kufunga upya nyaya za mota zilizoungua. Ndiyo kazi niliyo nayo mpaka leo. Yeye alikwenda Mwakitolyo kuchimba dhahabu. Mota nyingi zinazofika kwangu hutoka huko, za makarasha ya kusagia mawe na za pampu za kutolea maji kwenye maduara, yaani mashimo ya wachimbaji, kwa hiyo tulionana mara nyingi kuliko ndugu wengi waliotawanyika. Kila alipokwenda kumsalimu mama, alirudi machimboni na kopo la karanga zilizotwangwa. Huko, alikuwa akiniambia, mboga ni maji na chumvi, na kijiko kimoja cha karanga za mama kinaifanya sufuria nzima ikumbuke nyumbani.

Safari yake ya mwisho ya kuniletea mota alikuja kwa bodaboda, mota imefungwa nyuma kwa mpira. Alishuka polepole.

"Kaka, nimekuletea mgonjwa," alisema.

"Mgonjwa ni yupi kati yenu?"

"Huyu wa chuma. Mimi nimechoka tu. Mwamba wa mwezi huu una kiburi."

"Na macho yako? Mbona ya njano?"

"Nimekaa na dhahabu siku nyingi. Labda imeanza kuniingia."

Mwenye bodaboda alicheka. Mimi niliiacha mota pale chini nikamwambia avue shati. Upande wa kulia, chini ya mbavu, palikuwa pameinuka na pagumu. Nilipopabonyeza alinishika mkono akauondoa bila kusema kitu, na hapo ndipo nilipoogopa, kwa sababu yeye alikuwa mtu wa kusema kitu.

Kahama walimpiga picha ya tumbo kwa mawimbi ya sauti wakatuandikia kwenda hospitali ya rufaa, Mwanza. Daktari aliyetupokea alikuwa binti wa umri wa mwanangu, na alieleza vizuri. Kulikuwa na mambo mawili. Katika damu ya mdogo wangu kulikuwa na virusi vya homa ya ini, ambavyo huenda alikuwa navyo tangu utotoni bila kujua. Na katika ini lake kulikuwa na saratani iliyokwisha kuwa kubwa mno kukatwa. Kisha akaanza kuuliza maswali ambayo sikuyatarajia.

"Nyumbani mnakula karanga?"

"Tunalima."

"Mnazitunza vipi?"

Nikamweleza yote kwa mpangilio, pamoja na maji. Aliacha kuandika.

"Mnazilowesha?"

"Ili zimenyeke, daktari."

"Na zile zenye ukungu mnazipeleka wapi?"

"Hatutupi chakula," alijibu mdogo wangu kutoka kitandani. "Labda hapa Mwanza mnatupa."

Daktari hakukasirika. Alisema ukungu ule hutoa sumu inayoitwa sumukuvu, kwamba moto wa kukaangia hauimalizi, na kwamba mtu mwenye virusi vile akiila kwa miaka mingi ini lake linashambuliwa kutoka pande mbili. Alisema hawezi kuapa kwamba ndiyo iliyomfanya mdogo wangu augue. Alisema tu kwamba ndivyo inavyofanya. Kisha alitupa dawa za maumivu na za kupunguza maji tumboni, na akaniita kando akaniambia nimpeleke nyumbani.

Nyumbani maana yake ni kwa mama. Mke wake na watoto walihama kutoka Mwakitolyo wakaja naye, na mama akawaachia chumba chake, yeye akahamia chumba cha akiba, kwenye magunia.

Hapa lazima nieleze jambo ambalo mtu wa kwetu halihitaji kuelezwa. Baba yetu alikufa tulipokuwa vijana, na alikufa tumbo limejaa maji. Sasa mwanawe alikuwa anakufa tumbo limejaa maji. Mama, aliyekuwa amekula chungu kimoja na wote wawili, alikuwa mzima, na bado alikuwa anabeba kuni. Macho yake yalikuwa mekundu kwa moshi wa jikoni, kama macho ya kila mwanamke wa umri wake aliyepika maisha yake yote kwenye nyumba isiyo na bomba la moshi. Lakini kwetu bibi mjane mwenye macho mekundu, ambaye wanaume wa nyumba yake wanakufa mmoja mmoja, hatazamwi kama bibi tu. Wako waliokatwa mapanga kwa ushahidi mdogo kuliko huo. Sisemi kwamba jirani fulani alipanga kumuua mama. Nasema njia ya kufikia huko inajulikana, na yeye alikuwa ameshaanza kupitishwa.

Nilijua hivyo kwenye kisima cha pampu. Nilikwenda naye kuchota maji, na wanawake waliokuwa kwenye foleni wakasogea. "Pita, bibi, chota wewe kwanza," walisema. Walimsalimia shikamoo wakiangalia ndoo zao. Alichota, akaondoka, na hakuna aliyezungumza mpaka tulipofika mbali. Nikamwambia angalau wanamheshimu.

"Zamani walinigombeza," alisema. "Walisema naziba njia. Sasa wanataka niondoke upesi."

Aliyelisema jambo lenyewe wazi alikuwa mke wa mdogo wangu, na namshukuru kwa kulisema usoni kwangu. Alinikuta nikitengeneza mlango wa banda.

"Shemeji, mimi simtukani mama," alisema. "Nauliza tu. Chungu ni kimoja. Baba mkwe alikwenda. Mume wangu anakwenda. Wewe umekula hapa mpaka ukamaliza shule, na hapo umesimama na nyundo. Mama ndiye huyo anatoka porini na mzigo kichwani. Nina watoto wanaokula chungu hicho hicho. Wewe ni msomaji, niambie: kwa nini yeye?"

"Daktari alieleza, shemeji. Ni saratani."

"Saratani nimeisikia. Sikuuliza ni nini. Nimeuliza kwa nini yeye."

Baba mdogo, mdogo wake marehemu baba, alikuwa tayari ameshapanga kwamba Jumapili baada ya misa ukoo ukae, na wakikubaliana, yeye na mzee mwingine waende kwa mganga mmoja upande wa Geita kuuliza. Kila mtu alijua mganga angejibu nini. Mtu hasafiri mwendo ule akarudi na jibu kwamba hakuna aliyefanya.

Nilirudi Nyasubi kazini, na jioni, baada ya kufunga kibanda changu cha mota, nilisoma. Nilijifunza Kiingereza kwenye vitabu vya mota, kwa hiyo nasoma polepole, sentensi moja mara mbili. Nilitafuta jibu la swali la shemeji, kwa sababu lilikuwa swali zuri. Ndilo swali ambalo mganga hulijibu na hospitali hailigusi. Hospitali ilituambia kilichomshika. Mganga angetuambia kwa nini kimemshika huyu kikamwacha yule.

Nilichokipata ni hiki. Ini ndilo linalopokea karibu kila kitu tunachokula kabla hakijasambaa mwilini. Sumukuvu ikifika humo, kimeng'enya kimoja huikamata na kuanza kuigeuza, kwa nia njema, kama ninavyoweza kusema, kwa sababu kazi yake ni kuvigeuza vitu vigeni ili mwili uviondoe. Lakini sumu hii inapogeuzwa huwa kali kuliko ilivyoingia. Kwa muda mfupi sana inakuwa na uwezo wa kung'ang'ania vinasaba, yaani maandishi ambayo kila chembe ya mwili huyasoma ili ijue kazi yake, na kuyaharibu. Ni katika muda huo mfupi kwamba kimeng'enya cha pili hufanya kazi. Hicho huchukua kitu kidogo kinachoitwa glutathioni, ambacho ini hujitengenezea, na kukigandisha kwenye sumu. Sumu ikishagandishiwa hivyo haiwezi tena kushika kitu. Huyeyuka, ikatoka na nyongo au na mkojo. Kikiwahi, hakuna kinachotokea, na mtu hatajua kamwe kwamba kulikuwa na hatari. Kikichelewa, sumu hugusa maandishi.

Mara ya kwanza nilitaka kukifananisha na fyuzi. Nikaona si sawa. Fyuzi huungua ili kuokoa mota, na ukishaibadilisha kazi inaendelea. Kimeng'enya hiki hakiungui. Kinachokwisha ni ile glutathioni, na inakwisha upesi kwa mtu anayekula vibaya, kwa sababu hutengenezwa kwa vipande vya protini. Mdogo wangu machimboni alikula ugali na mboga ya maji na chumvi, na akaongeza karanga za kopo.

Halafu nikapata lile ambalo shemeji alilitaka. Watu hawalingani katika kimeng'enya hiki. Kina aina kadhaa, na wako watu wengi ambao aina moja muhimu hawana kabisa. Wamezaliwa bila hiyo. Hawajui, hawaumwi, wanaishi kama wengine, mpaka wakutane na sumu hii kwa wingi na kwa miaka, na hasa wakiwa na vile virusi, ambavyo huua chembe za ini na kulilazimisha litengeneze nyingine upesi, likinakili makosa kabla hayajasahihishwa. Ndugu wawili wanaweza kula sahani moja tangu utoto, mmoja akapata na mwingine akakosa.

Nilifurahi. Nakumbuka vizuri kwamba nilifurahi, pale kwenye kibanda, kwa sababu nilikuwa na jibu lisilohitaji mchawi. Nilikuwa njiani kurudi nyumbani, kwenye gari la Ushirombo, nilipoona upande wake wa pili. Nikimwondoa mama kwenye uchawi, nitamweka jikoni. Ningesimama mbele ya ukoo niseme hakumloga mwanawe, kisha niseme karanga zilikuwa za nani, na maji yalimwagwa na nani.

Niliifikiria njia ya kusema nusu. Nikaona haiwezekani, kwa sababu baba mdogo aliwahi kuwa kamanda wa sungusungu, walinzi wa jadi wa kijiji, na mtu huyo alijua kuuliza.

Jumapili tulikaa uani, upande wa kivuli cha nyumba. Mdogo wangu aliletwa na godoro lake akalazwa mlangoni. Mama alikaa chini kando yake. Baba mdogo alikaa kwenye kiti, mke wake kwenye kigoda, shemeji amesimama na mtoto mgongoni, na wazee wa ukoo kwenye benchi. Nilianza na sungusungu, kwa sababu kila aliyekuwa pale alijua kazi yao.

"Kila ini lina sungusungu wake," nilisema. "Mwizi akiingia kijijini, wanamfunga kamba kabla hajafika kwenye nyumba. Akishafungwa hana nguvu, anatolewa nje. Sasa kuna kijiji chenye sungusungu wengi, na kuna kijiji chenye wachache. Kuna kijiji wapo, ila kamba zimekwisha. Na kuna kijiji ambacho, tangu kilipoanzishwa, kikosi kimoja hakikuwahi kuwepo."

"Kijiji hicho ni changu," alisema mdogo wangu kutoka mlangoni.

"Inawezekana. Hakuna aliyepima. Lakini ndivyo watu wawili wanavyokula chungu kimoja, mmoja akaugua."

Baba mdogo alisikiliza akiwa ameinamia fimbo yake. "Maelezo mazuri," alisema. "Umesoma. Mchawi umempa jina la hospitali, sasa ni mwizi. Nakubali. Mimi nimefunga wezi wengi, na nikishamfunga, swali la kwanza ni moja tu. Nani amekutuma?"

"Hakutumwa, baba mdogo. Ni ukungu. Unaota wenyewe."

"Unaota wapi?"

"Kwenye karanga."

"Karanga za nani?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa swali hilo njia nzima, lakini nikamtazama mama.

"Zangu," alisema mama. Hakuinua sauti. "Na maji ni mimi niliyenyunyiza. Mwanangu anaogopa kulisema, ndiyo maana anazunguka na vijiji."

Nilimwona shemeji akimrekebisha mtoto mgongoni, bila haja. Kisha mama mdogo, mke wa baba mdogo, akacheka, kicheko kifupi cha mtu aliyechoka.

"Na turubai la kufunikia lilikuwa la nani?" alisema. "La kwangu. Tulimenya pamoja, tukafunika pamoja. Nyumba gani hapa hawanyunyizi? Nitajieni. Kama bibi huyu anaitwa kwa mganga kwa ajili ya maji, basi na mimi niitwe, na yule, na yule, na mama mkwe wetu aliyetufundisha afukuliwe naye aje ajibu." Akamgeukia mumewe. "Na wewe kamanda, umekula mboga yangu miaka yote hii. Mbona hujafa?"

"Labda ndiyo maana tumbo linanguruma," alisema baba mdogo.

Wazee walicheka, na hata mdogo wangu alicheka mpaka ikabidi ashikilie ubavu. Nilijua hapo kwamba mama amepona. Hawakumsamehe, kwa kuwa hapakuwa na aliyetaka kusamehe. Ila hatia ilikuwa imekuwa kubwa mno kubebwa na mtu mmoja, imeingia kila nyumba, na mwanamume yeyote aliyekuwa pale angelazimika kuanza kwa kumshtaki mke wake. Baba mdogo aligonga fimbo chini. Alisema hakuna atakayekwenda Geita wala kwingine. Alisema shemeji na watoto wapelekwe kupimwa virusi, na hilo ndilo nililokuwa nimemwomba faraghani, naye akalitoa kama amri yake. Sikuwa na tatizo na hilo.

Watu walipoondoka mdogo wangu aliniita.

"Kaka, hilo la kijiji ni kweli, au umelitunga kwa ajili ya mama?"

"Ni kweli. Kwako sijui, ila kwa watu ni kweli."

Alilifikiria. "Basi afadhali," alisema. "Usiku nilikuwa nalala nikihesabu watu niliowakosea, nione nani angenitumia kitu. Nimewamaliza wote. Wengi ni watu wazuri."

Alikufa kabla ya mvua za kwanza. Sitaeleza siku zile. Mwishoni ini likishindwa, uchafu wa mwili hupanda kichwani, na mtu huanza kusema na watu wasiokuwepo. Yeye aliongea na wenzake wa duarani, akiwaambia wavute kamba. Mama alimjibu kwa niaba yao, akisema wanavuta, wanavuta, na kila alipomjibu alitulia kidogo. Mama hakuwahi kufika Mwakitolyo, lakini alijifunza haraka maneno ya huko, ili asimwache anaita bila kujibiwa.

Tulimzika kando ya baba. Hakuna aliyemgusa mama, wala kumsema kwa namna ile tena. Shemeji alipimwa, hakuwa na virusi, akachanjwa, na watoto walikuwa wamechanjwa tangu wachanga. Alibaki pale pale kwa mama mkwe wake kwa hiari yake, na baadhi ya wanawake wa kijijini waliacha kunyunyiza, si wote. Kwenye kisima hawakumpisha mama tena. Alipanga foleni kama wengine, na siku moja nilimsikia mwanamke akimwambia kwa sauti kubwa aondoe ndoo yake njiani. Nilisimama pale na baiskeli nikamshukuru mwanamke yule kimoyomoyo.

Nilikwenda kumtazama mama baada ya palizi. Alikuwa amekaa barazani. Nilimwamkia, akaitikia, akaniuliza habari za mota, za wajukuu, za bei ya umeme. Kisha, nilipodhani mazungumzo yamekwisha, akasema:

"Ng'wanone, mwanangu, ulisema mtu anazaliwa nacho kile kilinzi cha ini."

"Ndiyo, mayu."

"Anakipata wapi?"

"Kwa wazazi."

"Wote wawili?"

"Wote wawili. Kila mmoja anatoa sehemu yake."

"Mimi nimekula karanga zile tangu sijaota meno. Mama yangu naye alinilisha zenye ukungu. Niko hapa. Kwa hiyo mimi ninacho."

"Inawezekana."

"Sasa nilipombeba yeye, kwa nini sikumpa?"

Jibu nilikuwa nalo. Lilikuwa kwenye ukurasa ule ule niliousoma nikafurahi. Mzazi hubeba nakala mbili za kila agizo, moja ya baba yake na moja ya mama yake, na mtoto humpa moja tu kati ya hizo. Mzazi anaweza kuwa na moja nzima na nyingine ikiwa pengo. Kwake yeye ile moja nzima inamtosha, hata hajui kwamba kuna pengo. Mtoto mmoja humpa nzima, mwingine humpa pengo, na mtoto aliyepewa pengo na mama na pengo na baba ndiye anayebaki bila kitu.

"Mzazi hachagui, mayu," nilisema. "Anatoa bila kuona."

"Na wewe nilikupa?"

"Labda."

Aliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu anayeambiwa njia ya kufika mahali. "Basi nilikuwa nacho," alisema. "Nilikuwa nacho, nikakupa wewe, yeye nikamnyima."

Nilimwambia hakunyima. Nilimwambia hakuna aliyepima, si damu yake, si yangu, si ya mdogo wangu, na kwamba kila nililosema kuhusu nyumba yetu ni jambo linalowezekana tu, haliko kwenye karatasi yoyote. Nilimwambia daktari mwenyewe alitaja virusi kwanza. Niliyapanga yote kwa utaratibu, na yote yalikuwa kweli. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kama nimekula.

Nikasema bado. Zamani angekuwa ameshainuka kabla sijamaliza neno. Sasa alimwita shemeji aliyekuwa uani, akamwambia huyu hajala, naye akabaki pale pale alipokaa, mikono mapajani.